Kutoka ziwa Kivu mpaka Mokoto: njia za magurudumu mawili ndani ya Masisi

Mtu anaweza kutembea Masisi kwa baiskeli? Jibu fupi ni ndiyo, na watu wanafanya hivyo tangu zamani. Ila hawapiti kwa kuangalia milima. Wanateremsha viazi, maharagi, makala na mbao, kisha wanarudi juu na chumvi, sabuni, mafuta na sambaza. Wageni wengi wameiita Masisi "Suisi ya Afrika" juu ya vilima vyake vya majani, ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Lakini anayeijua kweli hiyo Suisi, kona kwa kona, ni kijana wa chukudu.

Zifuatazo ni njia kubwa za wilaya ya Masisi, ile wengi wanaita teritware, kwa jicho la mtu wa magurudumu mawili: wapi pako tambarare, wapi pagumu, wapi pa hatari, na kitu gani hasa kinazifunga.

Kwanza, ardhi yenyewe

Ukitaka kuelewa barabara za Masisi, anza na maji. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 juu ya bahari. Zamani sana, kabla volkano za Virunga hazijasimama, maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini. Volkano zikamwaga lava, bonde likazibwa, maji yakapanda mpaka yakapata mlango upande wa kusini. Ndiyo maana leo ziwa linatokea Bukavu kwa mto Ruzizi na kushuka mpaka Tanganyika.

Magharibi ya ziwa, ardhi inapanda ghafla. Vilima vya Masisi vinapita mita 2000. Ukiendelea kuelekea magharibi, ardhi inaanza tena kushuka, polepole, mpaka msitu wa Walikale, ambako mji wenyewe uko chini ya mita 1000. Kwa hiyo Masisi ni kama paa la nyumba: upande mmoja mfupi na mkali unaotazama ziwa, upande mwingine mrefu unaotazama msitu. Mvua inayonyesha upande wa ziwa inaingia Kivu, Ruzizi, Tanganyika, na mwisho inafika mto Congo. Mvua ya upande wa pili inaingia mto Lowa, unaopita Walikale, nayo inafika mto Congo ule ule. Mwendesha baiskeli anayetoka Sake mpaka Walikale anavuka paa hilo lote.

Goma mpaka Sake: tambarare yenye miiba

Kipande cha kwanza ni Goma–Sake, kama kilomita 25 kwenye barabara ya kitaifa namba 2. Mlima hakuna wa kutisha. Shida iko chini ya gurudumu: mawe ya lava. Lava iliyopoa ina makali kama chupa iliyovunjika, na inakata mpira wa baiskeli mapema kuliko njia ya udongo. Anayepita hapa mara kwa mara hubeba viraka na pampu, na mpira wake ni ule mnene. Wembamba wa mashindano haudumu.

Barabara hii inapita Mugunga, karibu na Lac Vert, ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Hapo mgeni anatamani kupumzika, pengine hata kulala. Lakini wenyeji wana neno la kumuonya: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa ndani ya mashimo na mabonde madogo kama maji ndani ya beseni. Haionekani. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo wa kuitawanya, ndiyo inazidi. Mbuzi anaingia kula majani na hatoki. Mtu aliyelala chini hapo anaweza asiamke. Kanuni ya watu wa Mugunga ni rahisi: usikae wala usilale ndani ya shimo, hata kama ni pazuri namna gani, na ukiona wadudu au ndege wamekufa mahali pamoja, ondoka uende juu.

Karibu na Sake, lava inaonyesha tena kazi yake. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilimwaga lava mpaka ikaingia ziwani, na ghuba ya Kabuno ikabaki imeshikana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba tu. Anayesimama Sake anaona vitu vitatu kwa pamoja: maji, lava nyeusi, na mlima unaomngoja.

Kwenye njia panda ya Sake

Sake ni mlango. Kutoka hapo mtu anachagua njia tatu.

Ya kwanza inashika ufuko kuelekea kusini, kupitia vijiji kama Shasha, Kirotshe na Bweremana mpaka Minova, ambayo tayari iko wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Hii ni njia ya miguu ya milima: mlima kuume, ziwa kushoto, kupanda na kushuka kila mara lakini hakuna kupanda kurefu. Kwa mtu asiyezoea, ndiyo njia nzuri ya kuanzia. Ina faida nyingine pia: ukichoka, kuna mtumbwi au boti.

Ya pili ni kupanda Mushaki, kisha Matanda na Bihambwe. Pale Bihambwe mtu anaweza kwenda Rubaya, mji wa koltani, au kuendelea Lushebere mpaka Masisi-centre, makao ya wilaya, kama kilomita 80 kutoka Goma.

Ya tatu inaelekea kaskazini, Kilolirwe na Burungu mpaka Kitchanga, ndani ya sheferi ya Bashali. Huko ndiko kuna maziwa ya Mokoto.

Kupanda Mushaki: hesabu ya sahani ya fufu

Kila anayepita anakumbuka mlima wa Sake–Mushaki. Barabara inajikunja, udongo ni wa mfinyanzi, na malori yenyewe yanapanda kwa kuguna. Kwa baiskeli, hesabu iko hivi. Mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 15: jumla kilo 100. Kuzipandisha mita 500 juu kunataka mwili uchome karibu kalori 500, kwa sababu miguu yetu inatumia kama robo tu ya chakula kwa kazi yenyewe, na kilichobaki kinatoka kama joto na jasho. Hiyo ni sahani nzuri ya fufu kwa kila mita 500, bila kuhesabu mawe na matope. Ndiyo maana vijana wanaojua hawaoni haya kushuka na kusukuma. Kusukuma polepole bila kusimama kunachosha kidogo kuliko kukanyaga kwa nguvu kisha kukaa kando ya njia unahema.

Kushuka kuna hesabu yake. Ile nguvu yote uliyopandisha inabidi iende mahali, na inaenda kwenye breki. Mpira wa breki unapata moto, unalainika, unaacha kushika. Afadhali kufunga na kuachia, mbele na nyuma kwa zamu, kuliko kushika mfululizo kutoka Mushaki mpaka Sake. Baada ya mvua, mchanga unaoingia kati ya breki na rimu unakula vyote viwili. Anayeshuka bila kuangalia breki zake juu, ataziangalia chini akiwa hospitali.

Mvua nayo ina kalenda. Nyingi inanyesha kati ya Septemba na Desemba, tena kutoka Machi mpaka Mei. Juni mpaka Agosti ndiyo kiangazi kikubwa. Katika miezi ya mvua udongo wa Masisi unashika gurudumu kama sabuni iliyolowa, na lori moja likikwama linafunga barabara kwa siku nzima. Hapo baiskeli inapata heshima: inabebwa begani, inapita kando, inaendelea.

Masomo ya chukudu

Hakuna anayejua hesabu hizi kuliko wenye chukudu. Chombo hiki cha mbao, chenye magurudumu mawili na usukani lakini bila pedali wala kiti, ni cha Kivu ya Kaskazini, na wengi husema kilianza kuenea katika miaka ya 1970. Mwili ni wa mti mgumu, magurudumu ya mbao yanavalishwa vipande vya mipira ya gari, na katikati yanawekwa vyuma vyenye gololi vilivyotoka kwenye magari makuukuu. Kiko pia kipande cha mpira mgumu mahali pa kuweka goti, kwa sababu kijana anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili.

Kwenye mteremko chukudu inabeba kilo 400, hata 500, kitu ambacho baiskeli ya kawaida haiwezi. Kwenye kupanda inakuwa mzigo wa watu wawili au watatu. Kwa hiyo chukudu inafuata umbo la Masisi lenyewe: chakula kiko juu, soko liko chini, na uzito unashuka wenyewe. Kazi ya mtu ni kuuzuia. Katikati ya Goma iko sanamu kubwa ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, na mahali pale panaitwa ronpwe Chukudu. Ni mji uliomsimamishia sanamu mbeba mzigo.

Siku mtu atakapochora ramani ya baiskeli ya Masisi, waalimu wake wako hapo: wanajua chemchemi iko wapi, kona gani inateleza, nyumba gani inapokea mtu mvua ikimkuta njiani.

Kitchanga na maziwa ya Mokoto

Njia ya Kitchanga inapita kati ya malisho na mashamba ya ng'ombe. Huku ndiko inakotoka jibini, ile watu wa Goma wanaita fromaji. Nayo inashuka kwa pikipiki na kwa mgongo, mabonge ya duara yanayouzwa mpaka Kinshasa. Kwa mwendesha baiskeli hii ni habari njema: maziwa, jibini na viazi vinapatikana njiani, na usiku wa baridi kwenye mita 2000 unataka tumbo lililoshiba na koti, si shati la Goma.

Kitchanga iko kama kilomita 80 kutoka Goma, na magharibi yake ndipo yako maziwa ya Mokoto. Ni manne, na kubwa ni Ndalaga. Hadithi yao inafanana na ya Kivu: lava iliziba mabonde, maji yakakaa. Vilima vinaingia ndani ya maji kama vidole. Kama kuna mahali ndani ya Masisi ambapo njia ya kutembelea baiskeli ingepata mwisho wake mzuri, ni hapa.

Lakini Mokoto ina kumbukumbu nyingine pia. Watawa Watrapisti walifungua monasteri yao hapo mwaka 1954. Mwezi wa tano 1996, watu waliokuwa wamekimbilia kwao walishambuliwa na wengi wakauawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Mgeni anayefika Mokoto anapaswa kujua hivyo kabla hajapiga picha.

Masisi mpaka Walikale: pale barabara inageuka msitu

Kutoka Masisi-centre njia inaendelea Nyabiondo, kisha inaanza kushuka kuelekea Walikale. Malisho yanaisha, miti inafunga juu ya kichwa, joto linarudi, na mvua haifuati tena kalenda ya milimani. Kwa miaka mingi lori halikupita kipande hiki chote. Walipita watu wenye mizigo mgongoni, pikipiki, na baiskeli zinazosukumwa.

Walikale yenyewe iko kwenye barabara ya kitaifa namba 3, inayotoka Bukavu kwenda Kisangani. Kuna jambo linaloonyesha hali ya njia za huku: pale Kilambo, kipande cha lami cha barabara hiyo kiligeuzwa uwanja wa ndege. Wakati wa kilele cha kasiteriti ya Bisie, ndege ndogo za kutoka Goma zilikuwa zinatua barabarani na kujaza mawe. Barabara ilikosa magari, ikapata ndege. Na mbele kabisa, Kisangani, baiskeli inarudi kuwa mfalme: ndiko kwenye toleka, baiskeli za kubeba abiria.

Upande wa pili wa ziwa

Ng'ambo ya Kivu, upande wa Rwanda, vilima ni vile vile, ziwa ni lile lile, udongo unateleza vile vile. Huko kuna njia inayoitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, na watu wanatoka mbali kuikanyaga kwa siku nne au tano. Haikuhitaji barabara kubwa mpya. Sehemu kubwa ni njia za vijiji zilizokuwepo, zikawekwa alama na mahali pa kulala. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na wanaume walikimbia kilomita zaidi ya 267 za kupanda na kushuka.

Kwa watu wa Masisi hiyo si hadithi ya kufurahia tu. Walipokuwa wanatazama mashindano hayo, wengi walikuwa wamekimbia makwao juu ya vita ambayo Umoja wa Mataifa umesema Rwanda inaunga mkono upande mmoja, na Rwanda inakanusha. Lakini kwa swali letu, somo ni moja. Mlima si kizuizi. Mlima ndio mali. Kinachotofautisha pande mbili za ziwa ni kama mtu anaweza kutoka kijiji kimoja asubuhi akijua kwa hakika kwamba atafika cha pili jioni.

Kinachofunga njia

Katika Masisi na Walikale, kinachosimamisha gurudumu kwanza ni barieri: kamba, mti au bambu uliokingwa barabarani, na mtu aliyekaa kando anayetaka kulipwa. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha Ubelgiji, IPIS, kilihesabu barieri 798 katika Kivu mbili. Waliosimamisha watu hawakuwa vikundi vya silaha peke yao. Walikuwa pia askari wa serikali na watu wa ofisi za serikali. Mama mwenye kitunga cha maharagi analipa, mwenye chukudu analipa, na mwisho anayelipa yote ni mnunuzi wa Goma.

Kisha kuna vita yenyewe. M23 iliingia Kitchanga Januari 2023. Februari 2024 mapigano yalifika karibu na Sake na barabara ikakatika: chakula cha Masisi na Minova kikalazimika kupita ziwani, bei za soko la Goma zikapanda, na watu wakashuka kuelekea Goma, magodoro na masufuria yakiwa yamefungwa juu ya chukudu zilizozoea viazi. Mwisho wa Aprili mwaka huo Rubaya ikachukuliwa. Mwanzoni mwa Januari 2025 M23 ikaingia Masisi-centre, na kabla mwezi ule haujaisha, Sake na Goma nazo. Mwezi wa tatu vita ilifika mpaka mji wa Walikale.

Kwa hiyo huu si wakati wa kumwambia mtu afunge begi na kupanda Mushaki kwa matembezi. Njia zilizoelezwa hapa ni za kujulikana leo na kutumika siku zitakapofunguka. Kuzijua si kazi bure. Barabara inayojulikana vizuri inadaiwa vizuri: mwanainchi anaweza kusema kona gani itengenezwe, daraja gani limeoza, barieri gani haina haki ya kuwepo.

Na dalili ya kufunguka haitakuwa mgeni mwenye kofia ya plastiki na baiskeli ya bei. Huyo anakuja mwisho. Dalili itaonekana mapema, asubuhi, kwenye mteremko wa Sake: chukudu imejaa viazi, imetoka Mushaki, haikusimamishwa mahali, na mwenye kuiendesha anafika soko la Goma na bei yote ya mzigo wake mfukoni. Hapo ndipo mtu wa baiskeli naye anaweza kuanza kuuliza njia ya Mokoto.